Uzoefu wangu: kutafuta mahali pa kusomea dini nikiwa kiziwi, Kisumu

Nilipoteza uwezo wa kusikia nikiwa na umri wa miaka 4, katika nyumba ya Waislamu huko Mumias. Viziwi wengi wa Magharibi na Nyanza tulisoma katika shule zilizoanzishwa na Wakatoliki, kama vile za Mumias na Nyang'oma, tukatoka tukijua kusoma, kuandika na kuzungumza kwa Lugha ya Ishara ya Kenya. Dini yetu tuliifuata kwa macho tu: wenzetu wakirukuu tulirukuu, wakisujudu tulisujudu, bila ya kujua kinachosomwa. Mwaka juzi niliamua kusoma kwa utaratibu, na ninaandika haya kwa ajili ya kiziwi mwingine au mzazi wake anayetafuta mahali.

Nilianza katika chuo kimoja mjini Kisumu, kikubwa na chenye walimu wanaosifika. Walinipokea kwa heshima na kunitafutia mkalimani, jambo ambalo bado ninawashukuru. Mkalimani huyo alikuwa na mikono mepesi, ila ishara zake zote za ibada alikuwa amezipata kanisani. Ustadh alipotaja sala, yeye aliunganisha viganja mbele ya kifua. Somo lilipofika kwenye kufunga, aliashiria kufunga mlango, na kwa muda wa nusu saa nzima sikuelewa ni mlango gani unaofunguliwa magharibi ikiingia. Twahara, yaani usafi wa kuingilia ibada, ikawa usafi wa nyumba, na nia, ambayo ndiyo msingi wa amali zote, haikupata ishara yoyote. Muhula ulipokwisha nilikuwa na daftari lililojaa maneno yaliyonakiliwa kutoka ubaoni, na niliondoka nikijua kwamba kuwapo kwa mkalimani ni jambo moja, na mkalimani kuijua fani anayoifasiri ni jambo jingine kabisa.

Nilifikiria pia Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, kwa sababu ukitoka upande wetu kwa kupitia Malaba si mbali. Kilichonizuia ni lugha. Uganda wana lugha yao ya ishara, ambayo katiba yao ya 1995 inaitambua, nayo si sawa na yetu, kwa hiyo ningelazimika kujifunza lugha kwanza ndipo niguse fikihi, yaani elimu ya sheria za dini. Kwa kiziwi wa Busia au Bungoma aliyekwisha kuzoeana na viziwi wa ng'ambo, huenda kizuizi hicho kisiwe kikubwa. Chuo Kikuu cha Umma kule Kajiado kiko nchini mwetu, lakini mimi nina kibanda cha nguo katika soko la Kibuye, Kisumu, na watoto wawili, na Kajiado si mahali pa kwenda na kurudi.

Katika kutafuta huko niliona video za pesantreni (shule ya bweni ya Kiislamu) moja ya viziwi katika eneo la Yogyakarta, Indonesia, ambapo wanafunzi husoma Kurani kwa kuonyesha kila herufi ya Kiarabu na irabu yake kwa vidole. Nilizitazama usiku kucha, na machozi yalinitoka. Zilinifundisha swali ambalo sasa ningemwuliza kila mwalimu kabla ya kulipa ada: je, hapa kiziwi atafundishwa kuisoma Kurani kwa herufi za mkono, au ataelezwa maana yake kwa lugha ya ishara? Hayo ni masomo mawili, na la kwanza pekee linaweza kumwacha mtu akihitimisha sura asiyoielewa.

Mahali nilipotulia ni darasa la wanawake linalofanyika Jumamosi na Jumapili katika nyumba moja mtaani Manyatta, hapa Kisumu. Tuko sita, watatu kati yetu viziwi. Tunakaa kwa nusu duara, dirisha likiwa nyuma yetu ili mwanga umwangukie mwalimu. Ustadha wetu huvaa niqabu anapotoka, lakini humo ndani huivua, naye alinieleza kwamba hakuwa amejua hapo awali kuwa nyusi na midomo ni sehemu ya sarufi yetu, kwamba sentensi ileile huwa swali kwa kuinua nyusi tu. Kwa sababu hiyohiyo mkalimani wetu ni mwanamke, na kila Ijumaa ustadha humtumia istilahi za somo, kisha sisi viziwi hukaa naye dakika 20 kabla ya darasa kukubaliana juu ya ishara. Kufunga sasa kuna ishara yake. Janaba, hali inayomlazimu mtu kuoga kabla ya kusali, ina ishara yake. Katika tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Kurani, ustadha hanilazimishi matamshi nisiyoyaweza. Hunionyesha herufi inapotokea kwa kuniwekea mkono kooni, kisha tunarudi kwenye maana.

Kasoro zipo. Hakuna cheti kinachotambuliwa, kwa hiyo kwa anayetaka kuwa mwalimu wa shule hapa hapamtoshi. Mkalimani ni mmoja tu, na alipougua mwezi mzima tulisoma kwa kuandikiana. Ada ni shilingi 1,500 kwa mwezi, ambayo kwangu si ndogo, ingawa nusu yake humwendea mkalimani na ninaona ni haki yake.

Jumamosi ijayo tunaingia mlango wa mirathi. Orodha ya istilahi imeshafika, ina maneno 31, na mpaka sasa tumekubaliana juu ya tisa.