Kabla ya kununua tairi la tyubulesi, uliza kama vidole vyako vitalivua

Msimu wa korosho uliopita, Jumamosi moja, nilitoka Shangani, Mtwara, kwa baiskeli yangu ya mbio saa kumi na moja alfajiri nikiwa na nia ya kuingia Lindi kabla jua halijawa kali. Mikindani nikaipita bado giza, kiwanda cha saruji cha Dangote nikakipita pakianza kupambazuka, na barabara ilikuwa imejaa malori kama kawaida ya miezi hiyo. Sijafika Mnazi Mmoja ya Lindi, tairi la nyuma, la tyubulesi, yaani lisilo na tyubu ndani, likaanza kupuliza. Ulikuwa ni waya wa chuma, ule mwembamba kama sindano unaobaki barabarani tairi la lori linapopasuka. Uliingia pembeni kidogo ya katikati, ukachana. Dawa nyeupe inayowekwa ndani ya tairi ili kuziba matundu ikaruka hadi mgongoni, ikanipaka mashavu ya miguu, lakini tundu halikuziba.

Sikuogopa. Mfukoni nilikuwa na tyubu ya akiba, pampu ndogo na vijiti viwili vya plastiki vya kuvulia tairi. Nikasema dakika kumi nitakuwa nimeondoka. Kumbe tairi lenyewe halitoki. Ukingo wake ulikuwa umeng'ang'ania rimu kama umegandishwa. Nikabana kwa vidole gumba mpaka kucha ya kulia ikapasuka na damu kutoka. Kijiti cha kwanza kikavunjika, cha pili kikapinda, halafu nacho kikavunjika. Tyubu nzima ninayo mkononi na sina pa kuitia.

Nikasukuma baiskeli mpaka kwa mzee mmoja fundi aliyeweka kibanda chake chini ya mkorosho, beseni la maji upande mmoja, pampu ya kusimama upande wa pili. Nikamwamkia, akapokea gurudumu, akalizungusha mara mbili, akaniuliza, "Mwanangu, hili limeshonewa?" Alitumia bisibisi mbili na mpini wa kijiko. Baada ya saa nzima tairi lilitoka, lakini ukingo ulikuwa umechanika na utepe wa rimu, ule unaozuia upepo usitokee kwenye matundu ya spoki, umetoboka sehemu mbili. Simlaumu hata kidogo. Vifaa alivyokuwa navyo vinatosha kabisa kwa Phoenix, ndizo baiskeli anazoletewa kila siku. Nilirudi Mtwara kwa bodaboda, baiskeli nimeikumbatia ubavuni, na tairi la shilingi 230,000 limekuwa takataka kwa safari yake ya tatu.

Kisa hicho nilishawahi kukiandika, na tangu hapo nimepokea ujumbe kutoka kwa wenzangu wanaoendesha baiskeli za mbio huku kwetu, mmoja yuko Masasi, wengine wawili Lindi mjini. Wote wanauliza swali moja: dada, tununue lipi? Nimeona niandike mara moja, kwa urefu.

Mambo ya uzito, kasi na jinsi tairi linavyoteleza kwenye lami sitayagusa. Yameandikwa vya kutosha, na tairi lolote la kampuni inayojulikana litakufikisha. Faida ya tyubulesi nayo ipo wazi kwa mtu wa huku. Mbigili ikiingia, dawa inaziba na wewe unaendelea bila hata kujua. Unaendesha na upepo mdogo kuliko ule wa tyubu, na kwenye lami iliyoota mabaka mwili unashukuru. Mimi nina kilo 62, kwenye tairi la upana wa milimita 28 naweka upepo wa 60 PSI mbele na 65 nyuma. Zamani nilikuwa najaza 95 na mikono ilikuwa inakufa ganzi kabla ya Mikindani.

Ninachotaka ukiangalie ni kitu ambacho muuzaji hatakuambia, na hata wanaopima matairi kwa mashine hawakipi nafasi inayostahili: je, siku dawa itakaposhindwa, wewe peke yako, barabarani, kwa vidole vyako, unaweza kulivua tairi hili?

Maana dawa itashindwa. Tundu dogo la mwiba inaliziba vizuri. Lakini tairi la baiskeli ya mbio lina upepo wa nguvu kuliko la baiskeli ya milimani, kwa hiyo chozi la dawa linasukumwa nje kabla halijaganda. Mchano wa milimita nne au tano unahitaji kamba ndogo ya mpira ya kuchomekea, na ukizidi hapo ni tyubu tu. Tyubu haiingii kama tairi halitoki. Mwenye duka la baiskeli na gari la kumfuata umbali wa kilomita mbili hana haja ya kujiuliza. Sisi wa Mtwara na Lindi tunaoendesha zaidi ya kilomita 100 kati ya mji na mji, tena sehemu ndefu hakuna hata kibanda, tunapaswa kuanza na swali hilo kabla ya mengine yote.

Kubana kwenyewe kuna sababu, nami siwalaumu watengenezaji moja kwa moja. Tairi lenye tyubu hushikiliwa na upepo uliomo ndani ya tyubu. La tyubulesi halina mpira wa ndani, kwa hiyo ukingo wenyewe ndio unaozuia upepo usitoke na ndio unaozuia tairi lisiruke kwenye rimu. Likilegea sana, unaanguka. Februari 2024, kwenye mashindano ya UAE Tour, tairi la mwendesha baiskeli Thomas De Gendt liliachia rimu isiyo na kulabu, yaani isiyo na mdomo uliokunjwa ndani wa kushikia ukingo wa tairi, akaanguka, na mabishano kuhusu rimu hizo yakawaka upya. Rimu zisizo na kulabu zina kikomo cha bar 5, yaani kama 72.5 PSI, na si kila tairi linaruhusiwa juu yake. Kama rimu yako ni ya aina hiyo, tafuta kwenye ubavu wa tairi maandishi yanayoruhusu rimu hizo, kwa Kiingereza "hookless", na usipoyaona, rudisha dukani. Kwa hiyo sitafuti tairi legelege. Natafuta lile linaloshika likiwa na upepo na kukubali likiwa halina.

Sasa nani anashinda. Nasema bila kuficha: Schwalbe. Jina lenyewe kwa Kijerumani ni mbayuwayu, na mimi nimekuwa mtu wa mbayuwayu. Natumia Pro One, lile lenye alama ya TLE (Tubeless Easy, yaani tyubulesi rahisi), milimita 28 mbele na 30 nyuma. Nimelivisha na kulivua mara nane kwenye rimu zangu, nikiandika kila mara. Kuvisha, vidole tupu mara zote nane. Kuvua, vidole tupu mara sita, na mara mbili nilitumia kijiti kimoja. Linapojazwa, ukingo unapanda mahali pake kwa mlio mmoja au miwili, pa, pa, hata kwa pampu ya kawaida ya kusimamia, mradi umepaka maji ya sabuni na umefungua kipande cha ndani cha vali ili upepo uingie kwa wingi. Kama bei ya Pro One inakuuma, chukua Schwalbe One yenye TLE ileile. Ni zito kidogo na mpira wake si laini vile, lakini tabia yake kwenye rimu ni ya familia moja.

Nafasi ya pili nampa Continental, Grand Prix 5000 S TR. Hapa usome herufi vizuri. Lile la kwanza la 2018 liliitwa GP5000 TL, na watu wengi duniani walililalamikia kwa kubana. S TR lilikuja 2021, jepesi zaidi, na kampuni yenyewe ilisema wazi kwamba ni rahisi zaidi kulivisha na kwamba linafaa rimu zisizo na kulabu. Bado kuna TL za zamani zinazouzwa, wakati mwingine kwa bei ileile ya S TR. Ukiuziwa TL kwa jina la S TR umeibiwa. S TR kwangu lilihitaji kijiti kila mara, lakini lilitoka. Kwa mtu anayepita njia ya malori kila siku kuna AS TR, la misimu yote, lenye kinga zaidi.

Pirelli Cinturato Velo TLR ni gumu kupenyeka, na kama si suala la vidole ningelipandisha juu. Ni tairi la mtu mwenye mikono ya kufua mashuka. Vittoria Corsa N.EXT ni zuri na ubavu wake wa nailoni unavumilia, lakini sijalivua mara za kutosha kulipatia namba. Hutchinson, Wafaransa walioanzisha tyubulesi za baiskeli za mbio pamoja na Shimano, huku halipatikani, basi tuishie hapo.

Ya bei ya chini yasiyo na jina, yale ya 60,000 na 70,000? Mengi si tyubulesi kabisa, ni ya tyubu. Nunua tyubu nzuri uendeshe kwa amani.

Kabla hujalilaumu tairi, angalia rimu. Rimu ya tyubulesi ina mfereji katikati, na siri yote ya kuvisha na kuvua iko kwenye mfereji huo. Ukingo ukishuka mle unapata ulegevu wa milimita chache, nazo zinatosha. Unapovisha, anza upande ulio mkabala na vali, malizia kwenye vali. Pale kwenye vali ukingo hauwezi kushuka, ndiyo maana hapawi mwanzo. Unapovua, toa upepo wote, bana ubavu kuzunguka tairi zima mpaka pande zote mbili ziachie na kushuka katikati, halafu anza kuinua palepale kwenye vali. Mafundi wengi, yule mzee wangu pamoja, huanza popote mkono unapofika. Jambo jingine ni utepe. Uwe na upana unaozidi upana wa ndani wa rimu kwa milimita mbili hivi, na uzungushwe mara moja, au mara mbili kama ni mwembamba. Yule aliyenifungia magurudumu Dar es Salaam alizungusha utepe mnene mara tatu. Mfereji ukajaa, na nusu ya mateso yangu ilianzia hapo.

Sasa niseme la wauzaji, maana nimelibeba muda mrefu. Tairi langu lile lilitumwa kwa basi likiwa limekunjwa ndani ya mfuko wa rambo, bila boksi. Nilipouliza kama linatoka kwa urahisi, nilijibiwa, "Dada, hili pancha utasahau." Nilipopiga simu baada ya pancha ile, nikaambiwa kosa ni la fundi wa kijijini. Huyo fundi hakuuza kitu. Dawa niliyouziwa ilikuwa imemiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina jina wala tarehe, na chini ilikuwa na mabonge ya mpira yaliyokwisha kuganda. Dawa nyingi zinatengenezwa kwa utomvu wa mpira, na utomvu huo unakauka. Kwenye joto la pwani yetu mimi nachungulia kila mwezi, naongeza, na kwa tairi la milimita 28 naweka mililita 30 hadi 40. Mtu anayekuuzia dawa iliyokauka kwa bei ya dawa mpya anakuachia pancha porini, na hatakuwapo siku hiyo. Juu ya hayo, bei ya mkoani inaongezwa kwa kisingizio cha usafiri wakati nauli ya mzigo nimelipa mwenyewe kwa kondakta.

Ushauri wangu ni huu: nenda dukani na gurudumu lako. Omba kulivisha tairi na kulivua pale pale mbele ya muuzaji, bila dawa, kabla hujatoa hela. Akikataa, ondoka. Ukiagiza kwa mbali, omba picha ya maandishi ya ubavuni, si picha ya boksi. Ununue na vijiti vitatu vya plastiki ngumu, si viwili, na vichwa viwili vidogo vya shaba vya kubadilishia vali, kwa sababu kompresa za magari hazishiki vali nyembamba za baiskeli zetu.

Na siku utakapolazimika kuweka tyubu barabarani, pitisha kidole polepole ndani ya tairi lote kwanza. Miiba ambayo dawa iliiziba kimyakimya kwa miezi bado imechomoza upande wa ndani. Mara ya mwisho nilitoa mbigili saba na kipande cha waya. Ningeacha hata mmoja, tyubu isingefika kilomita moja.

Tairi lililochanika nilimrudishia yule mzee nilipopita tena mwezi uliofuata. Alilipima kwa kiganja, akasema ubavu wake bado mzima, atalikata vipande vya kutilia ndani ya matairi ya Phoenix yaliyopasuka. Nikamwonyesha Pro One, nikalivua mbele yake kuanzia kwenye vali, kwa vidole. Akaniomba nirudie.