Chachu kavu ya pakiti: mkate hapana, pankeki ndiyo

Nianze na hukumu. Kama unainunua chachu hii kavu ya pakiti, ile ya kuamshwa kwa maji na kulishwa unga, si hamira ya kawaida, ili uoke mkate mwishoni mwa wiki hii hii, irudishe kwenye rafu. Kama unachotafuta ni pankeki za asubuhi, zile nene zenye matundu na uchachu wa mbali unaokuja ukiwa umeshameza, basi inunue, ingawa sababu za kuinunua aliyeitengeneza hakuziandika popote.

Ndani ya bahasha kuna gramu 5 za vipande vyembamba vya rangi ya krimu, vinavyovunjika ukivigusa tu. Hiyo ni chachu hai iliyotandazwa ikakaushwa: unga, hamira za asili zinazotoa gesi, na bakteria wa asidi ya laktiki wanaoleta uchachu. Kukaushwa hakuwaui wote, kunawalaza. Unaviloweka vipande kwenye maji vuguvugu, unatia unga, unafunika bila kukaza, kisha kila siku unailisha: sehemu moja ya chachu, moja ya unga, moja ya maji, zote kwa uzani. Kikaratasi cha maelekezo kinasema hivyo pia, ila vipimo vyake ni vya vikombe na vijiko. Kikombe cha unga hutegemea mkono wa anayechota. Toa mizani yako uachane na vikombe vyao.

Nje ya pakiti wamejisifu mno. Eti ukoo wa chachu hii una zaidi ya miaka 100 na ulianzia kwa wachimba dhahabu wa Marekani. Inawezekana. Lakini ukilisha kwa kipimo hicho cha moja kwa moja kwa moja mara 10, huku kila mara ukibakiza kiasi kilekile, ulichokimimina siku ya kwanza kimebaki chini ya sehemu 1 kati ya 59,000. Vilivyomo ni vizazi vipya vilivyokulia kwenye unga wako. Tena mwaka 2021 jarida la kisayansi la eLife lilichapisha utafiti wa chachu 500 zilizokusanywa kutoka mabara manne, na ikaonekana kwamba mahali chachu ilipotoka panaeleza kidogo sana tofauti za viumbe vilivyomo. Kwa hiyo usilipie hadithi. Lipia muda unaouokoa, kwa sababu kuanza na unga na maji matupu hukawia wiki moja hadi mbili kabla ya kupata kitu cha kutegemewa.

Na muda wenyewe ndipo nilipo na lalamiko. Kikaratasi kinaahidi chachu yenye nguvu ndani ya siku tatu. Yangu siku ya tatu ilikuwa na viputo vya kuhesabika na harufu ya mtindi, basi. Ilihitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo ndipo ikaanza kuumuka mara mbili ya kimo chake ndani ya saa chache baada ya kulishwa, na mtungi nilikuwa nimeuweka mahali penye joto zuri, kati ya nyuzi 24 na 27. Aliyeipangia mkate angekuwa na haki ya kukasirika.

La pili ni baya zaidi kwangu mimi ninayehesabu unga. Kila unapolisha, kikaratasi kinakuamuru umwage nusu. Umwage! Hakuna hata mstari mmoja unaosema nusu hiyo ipelekwe wapi. Kumbe hayo masalio ndiyo mali yenyewe. Yaweke kwenye chombo chenye kifuniko ndani ya friji, ongezea kila unapolisha, na mwisho wa juma una rojo zito la kutosha familia nzima. Subiri tu chachu itulie kwanza: ya siku mbili tatu za mwanzo haina ladha ya maana, wakati mwingine inanuka vibaya, na hiyo kweli imwage.

Kwa nini chachu isiyoweza kuinua mkate inatosha kabisa kwa pankeki? Kwa sababu kwenye kikaango anayenyanyua si hamira, ni beking soda. Mkate hukaa saa nyingi ukingoja hamira zijaze gesi kidogokidogo. Pankeki haina subira hiyo. Chachu iliyokomaa ina asidi ya kutosha, pH yake (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali) huwa kati ya 3.5 na 4 hivi, na soda ikikutana na asidi hiyo gesi ya kaboni dayoksaidi inatoka papo hapo. Utaliona kwa macho: rojo linafura bakulini, linajaa povu, linakuwa jepesi unapolikoroga. Kazi ya chachu hapa ni kuleta asidi na ladha. Hata chachu iliyokaa friji siku kadhaa, imelegea, imetoa maji ya kijivu juu, bado asidi yake ipo. Maji hayo yakoroge ndani au yamwage, yote sawa. Ukiona michirizi ya waridi au ya rangi ya chungwa, au ukungu wenye manyoya, hapo hakuna mjadala, tupa mtungi mzima.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Usiku, kwenye bakuli kubwa kuliko unavyodhani linahitajika, natia gramu 150 za chachu, gramu 200 za unga wa ngano, mililita 280 za maziwa na kijiko kikubwa cha sukari. Nakoroga mpaka nisione unga mkavu, nafunika, naingiza friji kwa sababu maziwa yamo. Asubuhi naongeza mayai mawili, gramu 30 za siagi iliyoyeyushwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na mwisho kabisa robo tatu ya kijiko cha chai cha beking soda iliyochekechwa. Soda isiyochekechwa huacha vidonge, na mtoto atakayekutana na kidonge hicho hatakusamehe mapema. Wakati soda inaingia, kikaango kiwe kimeshapata moto, maana gesi ile haikungoji.

Hiyo soda ndiyo inayostahili kufikiriwa kuliko kitu kingine chochote humu. Inafanya kazi tatu kwa mkupuo: inanyanyua, inapunguza uchachu, na inaamua rangi. Asidi ikiwa nyingi pankeki hubaki imefifia hata ukiiacha motoni, kwa sababu kule kugeuka kahawia kunakwenda pole kwenye rojo lenye asidi nyingi. Ongeza soda, rangi inakuja, uchachu unarudi nyuma. Zidisha, unapata rangi nzuri ya kupiga picha na ladha ya sabuni mdomoni. Mume wangu anapenda uchachu wa kukunja uso. Binti yangu mkubwa anaukubali. Kitindamimba akiuhisi tu anasukuma sahani. Kwa hiyo naligawa rojo mabakuli mawili kabla ya soda. La watoto linapata sehemu yake kamili. La baba yao linapata nusu ya sehemu yake, na zake hutoka zimepauka, bapa kidogo, na yeye huzisifia kana kwamba amezitengeneza mwenyewe.

Kulilaza rojo friji usiku huo mmoja si lazima, lakini ladha inaonyesha. Nimezipika pia bila kulaza, masalio yakitoka mtungini moja kwa moja: mayai, maziwa, unga, soda, moto. Zinaumuka vizuri tu. Ila unga mpya haujapata nafasi ya kunywa maziwa wala kuchachuka, kwa hiyo uchachu unaukuta juujuu na nyama ya pankeki ni ya kawaida. Za kulala usiku zina utamu wa nafaka, zinatafunika kidogo, na zikipoa hazigeuki mpira. Hilo la kupoa lina maana kubwa kwa mpishi anayekula wa mwisho.

Kuhusu moto sina mengi. Wa wastani, siagi kidogo sana, tone la maji likirushwa kikaangoni liruke. Geuza pale viputo vya juu vinapopasuka na matundu yakabaki wazi badala ya kujifunga. Upande wa kwanza huchukua kama dakika mbili, wa pili chini ya hapo. Usizikandamize kwa mwiko. Ile ya kwanza ni ya kupimia moto, na ni haki ya mpishi. Kwa kipimo hicho mezani kwetu watu wanne wanashiba, na asali haihitajiki nyingi. Binti yangu ndiye aliyeligundua hilo. Nilimkuta ameacha asali kisahanini, nikamuuliza kama anaumwa. "Mama, hizi ukizimwagia sana huonji kitu."

Kitu kimoja cha usalama, kwa sababu watoto wakikoroga hulamba. Unga mbichi unaweza kubeba vijidudu vya kuumiza tumbo, E. koli na salmonela miongoni mwao, na humu mna mayai mabichi pia. Uchachu hautoshi kuvimaliza. Mwiko unaolambwa ni wa asali tu.

Na kwenye mgongo wa pakiti kuna sentensi inayonikera: "rafiki kwa tumbo". Wapo wanaosema mkate wa chachu hauwasumbui, sibishani nao. Lakini chachu hii ni ya ngano na pankeki ni za ngano, gluteni, ile protini ya ngano, imo. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye gluteni humdhuru utumbo, asizile, na maneno matamu kama hayo hayafai kuachwa bila onyo hilo pembeni yake. Kama wanarekebisha chapa ijayo, waanze hapo. Kisha waweke gramu badala ya vikombe, na kwenye ile nafasi waliyoijaza wachimba dhahabu waandike namna ya kupika pankeki.

Nani ainunue? Mwenye rafiki anayefuga chachu asinunue. Aombe kijiko kimoja, akilishe, yamekwisha. Mwenye subira ya wiki mbili aanze na unga wa nafaka nzima na maji, maana vijidudu vinavyohitajika vimeshakaa kwenye unga wenyewe. Pakiti ni ya asiye na rafiki wa namna hiyo wala subira, na ya yule ambaye alishajaribu kuanza peke yake akaishia kufuga uji. Huyo atapata kinachofanya kazi, atachelewa kuliko alivyoahidiwa, na katika kuchelewa huko atakuwa anakula pankeki. Baada ya hapo mtungi ukae friji, kwenye nyuzi 4 hivi, ulishwe mara moja kwa wiki. Nalisha usiku uleule ninaolaza rojo, ili nisiwe na jambo la pili la kukumbuka.

Pakiti ya pili sijanunua na huna haja ya kununua. Chachu ikishachangamka, chukua vijiko viwili, tandaza nyembamba kabisa kwenye karatasi ya kuokea, acha ikauke yenyewe mbali na jiko mpaka ivunjike kwa vidole, kisha iponde na uifunge kwenye chupa isiyoingiza unyevu. Usiikaushe kwa moto. Joto kali linaiua. Ukija kuihitaji, iamshe kwa maji vuguvugu kama kikaratasi chao kinavyoelekeza. Sehemu hiyo waliiandika vizuri.