Kinu Kimejazwa Peremende: Mkahawa wa Kithai wa Mtaani Kwetu Ulivyonivunja Moyo

Mkahawa wa Kithai wa mtaani kwetu ulipofunguliwa miaka mitatu iliyopita, sikuhitaji kutazama saa ili nijue kwamba jikoni wameanza kazi ya jioni, kwa sababu nilisikia mchi ukigonga kinu. Kilikuwa kinu cha mawe, kizito, kilichowekwa kwenye meza ndogo karibu na dirisha la jiko, na mpishi wa wakati huo alitwanga humo pilipili mbichi, kitunguu saumu, mchaichai na khulinjani, mzizi wa jamii ya tangawizi, mpaka harufu ikatufikia sisi tuliokuwa bado barabarani. Mwezi uliopita nilikikuta kinu kile kile juu ya kaunta, kando ya mashine ya malipo, kimejazwa peremende na vijiti vya meno. Nimekula hapo mara tatu tangu menyu ibadilishwe, na mara zote tatu nimetoka na huzuni. Ninaandika nikijua kwamba mwenye mkahawa ni mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi kubwa ya jengo pamoja na mishahara, na kwamba neno la mteja linaweza kumuumiza. Ndiyo maana nimesubiri mpaka mara ya tatu.

Mara ya kwanza nilikwenda na mamangu, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa. Tuliagiza mchuzi wa kijani wa kuku, ule ambao Wathai huuita kaeng khiao wan, kwa shilingi 1,350, pamoja na wali mweupe. Nilikuwa nimemsifia chakula hiki tangu tulipopanda matatu. Mama alichota kijiko kimoja, akakiinamisha juu ya bakuli, akautazama mchuzi unavyoshuka. Ulishuka kwa donge moja, polepole, kama uji uliozidishwa unga, na ulipotulia juu yake palibaki utando mweupe usiong'aa. "Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, asije akamvunjia heshima mhudumu aliyekuwa amesimama karibu, "hili tui ni la unga, tena limetiwa mwisho."

Mtu aliyeikalia mbuzi na kukuna nazi tangu utotoni hakosei katika jambo hili. Watu wa Pwani wanajua tofauti ya tui zito la kwanza na tui jepesi linalofuata chicha ikikamuliwa tena, na wapishi wa Kithai wanaijua vilevile. Kwa kawaida yao, tui zito ndilo linalotangulia kuingia karaini, likachemka mpaka mafuta yake yatengane, kisha viungo vilivyotwangwa vikaangwe ndani ya mafuta hayo hadi ule ukali wa ubichi uondoke, ndipo nyama na tui jepesi vifuate. Hatua hiyo ikifanywa, juu ya mchuzi huelea vitone vya mafuta yenye rangi ya kijani. Bakuli letu halikuwa na hata kimoja. Kuku alikuwa ameiva, hilo sikatai, lakini ladha yake ilikuwa ya kuku wa kuchemshwa aliyeingizwa mchuzini dakika za mwisho, na juu ya yote palikuwa na sukari nyingi kiasi kwamba mama aliomba maji baada ya vijiko vitatu.

Nilipomweleza meneja, alijibu kwa upole kwamba mchuzi huo ni mtamu hata kwa jina lake. Ni kweli kwamba neno la mwisho katika jina la Kithai lina maana ya utamu. Hata hivyo, maelezo yanayotolewa mara nyingi na wajuzi wa mapishi hayo ni kwamba utamu unaotajwa ni wa rangi, yaani kijani laini chenye weupe wa tui, wala si ruhusa ya kumimina sukari. Chakula cha Kithai husimama juu ya mizani ya chumvi, uchachu, utamu na ukali wa pilipili, na upande mmoja ukizidi, mla hupata ladha hiyo moja tu mpaka mwisho wa sahani.

Tambi za pad thai, ambazo nilizila katika ziara ya tatu, zilikuwa na kasoro ya namna hiyo hiyo. Huu si upishi wa kale usiojulikana ulikotoka: ulienezwa nchini Thailand na serikali ya Plaek Phibunsongkhram kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati wa juhudi za kujenga utaifa, na sosi yake inajulikana kuwa ni ukwaju, sukari ya mnazi au ya mti mwingine wa jamii ya mnazi, na sosi ya samaki waliochachushwa. Nilichopewa kilikuwa chekundu. Nilionja mara mbili ili nisimsingizie mtu, na ilikuwa sosi ya nyanya, ile ile inayokaa kwenye chupa za plastiki katika vibanda vya chipsi. Tambi zenyewe zilikuwa zimeshikana, kiasi kwamba uma ulinyanyua fungu zima kwa pamoja na kuacha sahani tupu. Supu ya tom yum ya kamba, ambayo mwaka 2024 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika, ilikuja na maji ya moto, ndimu nyingi, na kamba wanne ambao mstari mweusi wa mgongoni haukuwa umetolewa.

Mambo hayo ni ya ladha, na ningeweza kuyavumilia. Lililotokea katika ziara ya pili ni zito zaidi. Nilikwenda na dada yangu na mwanawe wa miaka saba, ambaye ana mzio wa karanga, au njugu kama wengi tunavyoziita hapa Nairobi. Kabla hatujaagiza chochote, dada alimweleza mhudumu kwamba mtoto huyu akila njugu koo lake huvimba na hupumua kwa shida, na kwamba hata chombo kilichogusa njugu hakifai. Mhudumu, kijana mwenye adabu, alitikisa kichwa na kusema, "Usiwe na wasiwasi, mama, nitawaambia jikoni." Tukamwagizia mtoto wali wa kukaanga na mayai. Ulipoletwa, dada aliupasua kwa uma kama anavyofanya kwa kila sahani wanayokula nje ya nyumbani, na katikati ya wali akapata vipande vitatu vya njugu iliyopondwa, bila shaka mabaki ya karai lililopikia pad thai.

Tulimwita mhudumu. Akaenda jikoni, akarudi, akasema mpishi ameomba tuvitoe vile vipande kwa kijiko kwa sababu ni vichache. Sikuamini masikio yangu. Dada yangu hakupaza sauti. Alimvalisha mwanawe sweta, akamchukua mkono, wakatoka, na mtoto alikula ndizi mbili kwenye kiti cha nyuma cha gari. Mimi nilibaki ili nilipe. Simlaumu yule kijana, maana alifikisha ujumbe na kurudisha jibu alilopewa, lakini jiko ambalo njugu huingia katika sahani nyingi kila siku halina budi kuwa na karai na mwiko vya pembeni, au liwe na ujasiri wa kumwambia mteja mapema kwamba haliwezi kumhudumia. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa mteja haki ya kulindwa afya na usalama wake, pamoja na haki ya kupata habari anazozihitaji kuhusu anachonunua. Jibu la "haiwezekani hapa" lingetutosha kabisa, na tungeondoka tukiwaheshimu.

Bili nayo ilikuwa na asilimia 10 ya huduma ambayo haikuandikwa popote kwenye menyu. Nilipouliza, waliiondoa bila ubishi.

Nimeambiwa na meneja kwamba tatizo ni viungo, kwamba kila kitu kinaagizwa kutoka nje na bei zimepanda. Naielewa hoja hiyo kwa sosi ya samaki, na labda kwa majani ya ndimu ya Kithai. Siielewi kwa mengine. Mchaichai unaota katika nyua nyingi za Nairobi na watu wanautia kwenye chai. Ukwaju, nazi, pilipili, ndimu, mrihani na kamba ni vitu vya Pwani yetu wenyewe, vinavyoletwa mjini mara kwa mara, na ukifika Soko la City Park pale Parklands asubuhi utawakuta wauzaji waliozoea kuwahudumia wapishi wa vyakula vya Kiasia. Huenda hakuna upishi wa mbali unaolikaribia jiko la Waswahili kama huu wa Kithai, na ndiyo sababu mamangu, ambaye hajawahi kufika Bangkok, aliweza kusema kwa kijiko kimoja ni wapi mpishi alikosea.

Yapo yaliyobaki mazuri. Wali mweupe bado unapikwa vizuri, punje zake zikiwa zimeshikana kidogo tu na zenye harufu. Sharubati ya tangawizi na mchaichai ni safi. Wahudumu ni watu wa heshima, na choo ni kisafi kuliko cha mikahawa mingi ya bei hiyo. Anayetaka kukaa barazani jioni na kinywaji baridi hatajuta. Mwenye mtu wa mzio, namsihi asiende kabisa mpaka jiko litakapobadilisha utaratibu wake.

Siku ya mwisho, nikisubiri ujumbe wa M-Pesa uthibitishe malipo yangu, nilisogeza peremende kwa kidole nikatazama ndani ya kile kinu. Mawe yake bado yalikuwa na madoa ya kijani. Nilimuuliza meneja kama wanaweza kukirudisha jikoni, akaniahidi kwamba atamwuliza mwenye mkahawa.