Muvi za kale za roboti na roketi: ununue nakala gani ukiwa Kisumu

Ukienda kununua muvi ya kale, taja mwaka kabla hujataja jina. Somo hilo lilinigharimu shilingi 50 na nauli ya boda. Niliingia duka moja la muvi huku Kondele, nikaomba The Day the Earth Stood Still, nikawekewa kwenye flashi, nikakimbia nyumbani kwa watoto niliokuwa nimewaahidi roboti. Kufungua, ni ile ya 2008. Niliyoitaka ni ya 1951, nyeusi na nyeupe, yenye roboti Gort amesimama kimya mbele ya chombo chake cha angani kama askari wa geti. Ndani ya Gort alikuwemo Lock Martin, mtu mrefu kupita kiasi aliyewahi kuwa bawabu wa jumba la sinema Hollywood. Kijana wa duka hakuniibia. Nilitaja jina tupu, naye akanipa jina.

Muvi hizi zimerudiwa sana. RoboCop ni ya 1987 na tena ya 2014. Total Recall, 1990 na 2012. Planet of the Apes, 1968 na 2001. Na hata ambayo haijarudiwa utaikuta katika nakala tatu nne zisizofanana, moja imekatwa, nyingine imevutwa, nyingine imeongezwa vipande. Ndiyo maana hapa sipangi muvi. Napanga njia za kuzinunua, kuanzia ile ambayo ningeitolea pesa leo hadi ile ninayoikimbilia nikiwa sina jinsi.

Kwanza nimjibu anayeuliza kwa nini nahangaika na vitu vya miaka hiyo ilhali mpya zimejaa kila mahali. Ni mikono. Gojira ya 1954, yule mnyama ambaye wengi wanamjua kama Godzilla, ni mtu, Haruo Nakajima, ndani ya vazi zito, anakanyaga mji mdogo uliojengwa nyumba kwa nyumba ili uvunjwevunjwe. Ilitengenezwa na Wajapani miaka 9 baada ya Hiroshima, mwaka uleule ambao wavuvi wao walimwagiwa majivu ya bomu la majaribio la Marekani katika Pasifiki, na uzito huo unauona katika kila hatua ya yule mnyama. Ukija Alien ya 1979, lile dude la kutisha ni Bolaji Badejo, Mnigeria aliyekuwa akisomea uchoraji London, urefu wake mita mbili na zaidi. Nilipowaambia wanangu hivyo, walirudisha nyuma mara tatu wakitafuta magoti yake. Siku hizi kompyuta inachora dude la urefu wowote, na hakuna mtoto anayetafuta magoti.

Sasa, ukinunua nakala mbovu, magoti hayo huyaoni. Unaona giza linalotikisika. Hapo ndipo pesa yako inapopotelea.

Nafasi ya kwanza: DVD halisi ya mtumba

Najua wengi wameshatupa deki zao. Wamekosea, na kosa lao limenifaa. Jumapili soko la Kibuye likifurika, pitia kwa wanaotandaza vyombo vya umeme vya mtumba, uinamishe kichwa kwenye maboksi. Humo hukaa DVD zilizokuja na mizigo kutoka Uingereza, zimechanganywa na mazoezi ya viungo na harusi za watu tusiowajua. Mimi huzipata kwa kati ya shilingi 50 na 200, kutegemea muuzaji ameamkaje.

Uzuri wa DVD halisi ni mgongo wa jalada. Mwaka umeandikwa, dakika zimeandikwa, lugha na umbo la picha pia. Flashi haikuambii lolote. Chukua Gojira: ya Kijapani ina dakika 96. Wamarekani waliikata, wakamchomeka mwigizaji wao Raymond Burr kana kwamba alikuwepo Tokyo siku ile, wakaiuza 1956 ikiwa na dakika 80. Ukisoma namba hiyo mgongoni umeshajua unashika ipi. Blade Runner nayo ina sura nyingi. Ya 1982 ina sauti ya Harrison Ford akikueleza kila unachokiona, na mwisho wa kubembeleza. Ya 1992 imeondoa vyote viwili. Ya 2007, iliyoandikwa The Final Cut, ndiyo mwongozaji Ridley Scott aliyoisimamia mwenyewe hadi mwisho, na ndiyo ya kununua. Hapa sibishani na mtu.

Usinunue kabla ya kuigeuza. Shika kwa kingo, uielekeze juani. Chini ikiwa na rangi ya fedha safi, ilipigwa chapa kiwandani. Ikiwa na uzambarau au ubuluu, imechomwa kwenye kompyuta ya mtu, na jalada zuri halibadilishi hilo. Kisha tazama mikwaruzo. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi deki huuruka bila shida. Unaozunguka kwa kufuata duara ndio wa kuogopa, kwa sababu unafuta kipande kirefu cha njia moja. Uchafu wa kawaida utaufuta nyumbani kwa kitambaa laini, toka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe.

Kuna kizuizi kimoja: namba ndogo ndani ya picha ya dunia, nyuma ya jalada, inayotaja eneo la dunia ambalo diski iliuziwa. DVD za Marekani ni eneo la 1, za Uingereza eneo la 2, na Kenya tuko eneo la 5. Deki ya kampuni kubwa iliyouzwa rasmi inaweza kukataa diski ya eneo jingine. Zile za bei ya chini kutoka China aghalabu hucheza chochote, kwa hiyo nenda na diski yako na uijaribu hapohapo kabla ya kulipia deki. Na usishangae muvi ya dakika 100 ikiwa na dakika 96 kwenye DVD ya Ulaya. Haijakatwa. Mfumo wao wa runinga huikimbiza kidogo.

Utakayoipata kwa shida hata kwenye maboksi hayo ni Star Wars ya 1977 kama ilivyoonyeshwa mwaka huo. George Lucas aliibadilisha 1997, akaongeza vitu vya kompyuta, akaendelea kuichokoachokoa. Ukiikuta iliyotangulia, usiulize bei mara mbili.

Nafasi ya pili: zile zisizo na mwenyewe tena

Hapa hununui muvi, unanunua bando. Safari ya mwezini ya Georges Méliès, ya 1902, ina dakika kama 14, na ile roketi iliyochoma jicho la mwezi umeshaiona mahali hata kama hujui ilikotoka. Metropolis ya Fritz Lang, ya 1927, iliingia mikononi mwa umma, yaani hakimiliki yake iliisha, huko Marekani mwanzoni mwa 2023. Zote mbili zinapatikana kwa halali kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, bila malipo.

Angalia tu dakika. Metropolis ilikatwakatwa mara ilipotoka, na vipande vikahesabiwa vimepotea kwa miaka themanini, mpaka 2008 nakala iliyokaribia kukamilika ilipoonekana Buenos Aires, Argentina, imechakaa kama shati la shamba. Iliyorekebishwa kutokana nayo ilitoka 2010 na inakaribia saa mbili na nusu. Nakala nyingi za bure ni zile fupi za zamani. Anzia hizo, si vibaya, ila mtu akikuambia hadithi haieleweki, mjibu kwamba vipande vyenye maelezo vilikaa Argentina.

Pakua usiku wakati bando ni nafuu. Ukiwa Nakuru au Kakamega una rafiki mwenye waya wa intaneti nyumbani, mtembelee ukiwa na flashi mfukoni na mkate mkononi.

Nafasi ya tatu: Blu-ray mpya kutoka Uingereza

Blu-ray ni diski yenye picha kali kuliko DVD. Hii ni ya muvi mbili au tatu unazozirudia kila mwaka. Hapo utaona nyuzi za vazi na alama za brashi kwenye anga lililochorwa. Kwa bahati, Blu-ray ziligawa dunia vingine: Afrika tuko eneo B pamoja na Uingereza, wakati Marekani ni A. Kwa hiyo agiza London, usiagize Chicago. Diski za 4K, zenye picha kali zaidi ya hapo, hazina eneo kabisa.

Kulipa si taabu tena, kadi ya M-Pesa ya mtandaoni inafanya kazi kwenye maduka mengi ya nje. Taabu ni kuingiza. Kuna posta, kuna ushuru, kuna VAT ya asilimia 16, na diski ya pauni kumi inafika na bei ya mbuzi mdogo. Mimi hungoja shemeji anayekuja Desemba. Anazileta ndani ya soksi.

Nafasi ya nne: kukodi au kujisajili mtandaoni

Sina mengi ya kusema. Picha ni safi, sauti ni safi, na saa moja ya kutazama hula hadi GB 1 kwa picha ya kawaida, hadi GB 3 kwa HD. Tatizo ni kwamba za kale huko ni chache, na ulizozipenda huondolewa bila hodi. Nilikuwa nusu ya muvi Ijumaa, Jumapili nikarudi, hayupo mtu wa kuniambia imekwenda wapi. Jisajili kwa mwezi mmoja ukiwa na orodha, tazama, ondoka.

Nafasi ya mwisho: duka la muvi na flashi yako

Nimeiweka mwisho, lakini najua ndiko tutakakokutana. Nianze na la sheria. Kenya hulinda filamu kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipotoka, kwa hiyo muvi ya 1956 na ya 1982 si hali moja, na kijana anayekuwekea ya pili ana kesi ya kujibu siku Bodi ya Hakimiliki ikipita mtaani. Waliopigania haki zao kwenye muziki wa hapahapa Kisumu wanajua maumivu ya kunakiliwa. Basi duka hili litumie kwa za zamani kweli.

La pili ni uvumilivu. Niliomba 2001: A Space Odyssey, ya 1968. Kijana akaifungua anionyeshe. Skrini nyeusi tii, na muziki kama wa watu wanaolia kisimani. Sekunde thelathini. Dakika moja. Akanigeukia.

"Jaduong', hii imeharibika."

"Iache."

"Hakuna picha, mzee wangu. Wacha nikutafutie ingine."

Nikamwambia hivyo ndivyo ilivyotengenezwa: inaanza na giza la dakika kama tatu, na hata picha ikija, hakuna mtu anayesema neno kwa karibu nusu saa, ukianza na manyani na kisima chao. Akaniangalia kwa huruma. Lakini giza lile lilinithibitishia kwamba nakala ni kamili, kwa sababu wengi huona ni kasoro na kulikata. Nikalipa.

La tatu ni umbo la picha. Karibu muvi zote zilizotengenezwa kabla ya 1953 zina picha inayokaribia mraba, na runinga zetu ni pana. Mtu akitaka ijae, anaivuta. Mwambie muuzaji aifungue kwenye uso wa mtu: mashavu yakiwa kama ya aliyeng'olewa jino, imevutwa. Kama ni runinga yako inayovuta, bonyeza 4:3 kwenye rimoti na yatapungua. Kama ni faili lenyewe, likatae. Kinyume chake ni zile pana kama Forbidden Planet ya 1956, yenye Robby yule roboti na muziki wote wa mitambo ya umeme waliobuni Louis na Bebe Barron. Nakala za zamani za runinga huikata pande zote mbili, na watu wanabaki wakizungumza na mkono unaotokea ukingoni.

Halafu sauti na ukubwa. Faili la zaidi ya GB 4 haliingii kwenye flashi iliyoandaliwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, hata kama flashi ni ya GB 64 na tupu. Ikiandaliwa kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi, litaingia, ila runinga nyingine za zamani zitaikataa flashi yenyewe. H.265 na H.264 ni njia za kubana picha, na DTS ni aina ya sauti. Faili la H.265 linaweza kukupa sauti bila picha, na lenye sauti ya DTS likakupa picha bila sauti. Omba MP4 ya H.264, ya GB 1.5 hadi 3. Ya MB 700 ni ya simu. Kwenye runinga ya inchi 43, nyota za anga zitakuwa vumbi la Kondele.

Usitosheke kuijaribu kwenye kompyuta ya duka, maana hiyo hufungua kila kitu. Karibu maduka yote yana runinga ukutani inayochezesha mpira. Omba dakika mbili za mapumziko, chomeka, nenda katikati ya muvi, nenda mwisho, sikiliza kama midomo na maneno vinaenda pamoja. Na uende na flashi yako. Niliyoazimwa mara ya mwisho ilirudi nyumbani na virusi vilivyogeuza picha zote za arusi ya dada yangu kuwa njia za mkato.