Krytox 205g0 kwenye Gateron Yellow: grisi ni nzuri, mkono mzito ndio unaoiharibu

Kwa swichi za kibodi (kile kifaa kilicho chini ya kila kitufe) zisizo na kigongo, yaani zinazoshuka moja kwa moja bila kukwama katikati, kama Gateron Yellow, grisi ya Krytox GPL 205g0 naipa nyota nne. Ule mkwaruzo wa plastiki kwa plastiki unaousikia ukibonyeza kitufe taratibu unakwisha, na mlio unashuka, unakuwa mzito. Nyota moja nimeipunguza kwa bei, ingawa kichupa cha gramu 5 kinatosha kibodi ya vitufe 80 na grisi inabaki. Mafuta ya cherehani si mbadala: ni mepesi mno, yanatiririka hadi kwenye kibati cha mguso, kile kinachopitisha umeme ndani ya swichi.

Tenga muda wa saa nne. Chovya ncha tu ya brashi namba 00, ifute kwenye mdomo wa kichupa, ndipo upake mifereji miwili iliyo ndani ya kasha la chini, kisha ubavu wa shina, kile kipande kinachopanda na kushuka. Plastiki ing'ae kidogo tu. Ukiona weupe, imezidi, na kitufe kitapanda kivivu. Hapo utalazimika kufungua swichi upya na kuifuta kwa brashi kavu, maana spiriti haiyeyushi Krytox. Kibati cha mguso kiache kikavu. Kama swichi zako zina kigongo, miguu ya shina nayo usiiguse, la sivyo kile kigongo ulicholipia kitafifia.

Springi hazihitaji brashi. Zimwage zote kwenye mfuko wa plastiki, dondoshea mafuta ya Krytox 105 matone kumi hivi, puliza mfuko ujae hewa, tikisa.

Lakini ukiwa na muda wa kazi moja tu, ziache swichi ushughulikie stabilaiza (vishikizo vyenye waya vinavyozuia vitufe virefu visiyumbe) za kitufe cha nafasi, Enter, Backspace na Shift. Kelele mbaya ya kibodi nyingi inatoka huko. Chomoa waya wa stabilaiza, ulaze juu ya kioo, bonyeza ncha moja. Ncha ya pili ikiinuka, waya umepinda. Unyooshe kwa koleo kidogo kidogo hadi utulie. Hapo ndipo grisi inafaa kuwa nyingi, kwenye ncha zinazoingia ndani ya stabilaiza. Grisi ya silikoni ya maduka ya spea za magari inafanya kazi hiyo vizuri kwa bei nafuu. Kupaka grisi waya uliopinda ni kupoteza grisi, kelele itarudi.

Wakati wa kurudisha swichi kwenye bodi ya soketi (ile ambayo swichi huchomekwa bila kulehemu), hakikisha pini zote mbili zimenyooka, shikilia soketi kwa kidole upande wa nyuma, kisha sukuma wima. Ukisukuma bila kuishikilia, soketi inaweza kung'oka kwenye risasi ya kulehemu iliyoishikilia. Chomeka waya wa USB ujaribu kila kitufe kabla ya kufunga skrubu. Kisichoandika, mara nyingi pini imejikunja chini ya swichi: ichomoe, inyooshe kwa kibano, irudishe.