The Sidewinder ya enzi za Liberty: inafaa kununua?

Subirini niisogeze santuri hii kwenye taa. Mnaona hapa, muziki unapoishia, kabla hujafika kwenye lebo? Kuna maandishi yamegongwa: VAN GELDER. Sasa naizungusha taratibu... hakuna kingine cha maana. Ile herufi P ya mwandiko wa mkono, ambayo wakusanyaji wanaiita sikio, haipo. Na kwa kukosa hilo sikio tu, santuri hii imeshuka bei vibaya sana.

Habari zenu wadau. Leo ni jazz, na nikisema jazz sisemi Western Jazz wala Morogoro Jazz, hao siku yao ipo. Nasema ile ya Marekani, ya kampuni ya Blue Note. Hii ni The Sidewinder ya mpiga tarumbeta Lee Morgan, iliyorekodiwa Desemba 1963 kwa fundi wa kurekodi Rudy Van Gelder, kule Englewood Cliffs, New Jersey.

Niliuziwa mtandaoni kama toleo la kwanza. Picha nzuri, jalada la zamani, lebo imeandikwa New York USA, nikalipa. Ilipofika nikatafuta sikio, wapi! Nilinuna wiki nzima. Muuzaji alinirudishia nusu ya hela, na nadhani hata yeye hakujua anachouza.

Ilikuwaje? Sikio ni alama ya Plastylite, kiwanda kilichokuwa kikiwachapia Blue Note. Kampuni ya Liberty ilipoinunua Blue Note, mwaka 1966 kazi ikaondolewa Plastylite na kupelekwa viwanda vingine. Lakini stoo zilikuwa na majalada na lebo za zamani tele, nani angezitupa? Wakazitumia mpaka zikaisha. Kwa hiyo unaweza kukuta nguo zote ni za zamani na mwili ni wa baadaye, kama hii. Karatasi haina ushahidi. Ushahidi uko kwenye plastiki.

Na hapa ndipo hasira zangu zilipoisha. Van Gelder hakurekodi tu, yeye mwenyewe ndiye aliyekata zile sahani mama za kuchapia santuri, na Liberty waliendelea kuzitumia. Ukiona muhuri wake, unasikiliza mkono uleule uliotengeneza toleo la kwanza.

Rafiki yangu anayo yenye sikio, tukaziweka zote mbili kwenye pleya moja, sindano moja. Yake imechezwa kwenye sherehe za miaka ya sitini kwa zile sindano nzito kama msumari. Tarumbeta ikipanda juu inakwaruza kama mtu anakaanga vitunguu nyuma ya bendi. Yangu? Tarumbeta imesimama. Ngoma za Billy Higgins zinaruka, besi ya Bob Cranshaw unaifuata noti kwa noti. Besi yenyewe si nzito sana, hilo nikiri, maana Van Gelder alikuwa akiibana anapokata ili sindano za pleya za nyumbani zisiruke. Ila hiyo iko kwenye zote mbili. Rafiki yangu alinyamaza kidogo, akasema, "Basi, lakini yangu ina sikio." Sikumjibu.

Msinielewe vibaya, kuna za baadaye ambazo ni hasara. Ukikuta maneno kwamba stereo imetengenezwa kwa njia ya umeme, iache hapohapo: ni mono, yaani sauti ya chaneli moja, imepasuliwa vipande viwili, inasikika kama bendi iko ndani ya tangi la maji. Za miaka ya sabini, za kampuni ya United Artists, pia zigeuzegeuze kwanza. Nyingine zina muhuri wa Van Gelder, nyingine zimekatwa upya na watu wengine. Za Japani, za kampuni ya King kuanzia 1977, ni kimya kabisa, plastiki safi, ila kwangu sauti yake inang'aa kupita kiasi. Tone Poet, matoleo mapya ya Blue Note yaliyoanza 2019, anazikata Kevin Gray kutoka kwenye tepu halisi. Hizo ni nzuri mno na besi yote imerudi. Kama huna subira ya kuwinda, nunua hizo, na sindano yako itakushukuru.

Kuna mtu ataniuliza thamani. Toleo la kwanza litaendelea kupanda, sibishani. Ile albamu ya mpiga saksafoni Hank Mobley yenye namba 1568 watu wanailipia maelfu ya dola, na wengi wao nashuku hawaichezi. Kama unanunua ili uuze, tafuta sikio. Mimi nanunua ili nisikilize, na hii imenigharimu dola 45 baada ya kurudishiwa.

Kasoro ya hii niliyonayo: upande wa pili una mkwaruzo, utausikia tak, tak, tak, kama mara nane hivi, kisha unapita. Jalada limechanika pembeni, nimelibandika. Haya, ngoja niweke upande wa kwanza. Wimbo wa kwanza ni dakika kumi na ushee, nitanyamaza.