MOP au SOP kwenye shamba lenye chumvi?

Wakulima wa Kitengela na Athi River, pembezoni mwa Nairobi, wanaomwagilia maji ya kisima yenye chumvi huulizana sana: mbolea ipi ya potasi, MOP (kloridi ya potasiamu) au SOP (salfeti ya potasiamu)? Zote zina kazi moja. Sodiamu hushindana na potasiamu kuingia kwenye mizizi, na mmea unaostahimili ni ule unaoendelea kupandisha potasiamu hadi majani huku ukiizuia sodiamu isifike huko. Ukishindwa, kingo za majani ya chini huungua.

Kwa bei, MOP inashinda wazi, tena ina asilimia 60 ya potasi dhidi ya 50 ya SOP. Lakini karibu nusu ya uzito wake ni kloridi: unaongeza chumvi juu ya chumvi. Nyanya hujitahidi, maharagwe hayawezi kabisa.

SOP haichomi hivyo, na inaleta salfa. Shida yake ni kuyeyuka: lita moja ya maji hubeba takribani gramu 110, MOP zaidi ya 300. Tena usiichanganye na kalsiamu nitreti kwenye tangi moja, kwani salfeti yake na kalsiamu hutengeneza jasi, nayo itaganda na kuziba matundu ya dripu.

Spinachi kwenye udongo unaopitisha maji, mvua za masika zikikaribia kuosha kloridi? MOP inatosha. Maharagwe, au mazao ndani ya banda la plastiki ambako mvua haiingii? Lipia SOP. Udongo mweusi uliojaa sodiamu na maji yakituama, anza na jasi na mifereji kabla ya kununua potasi yoyote.